Albamu ya laivu ambayo wenyewe hawakuwa na habari nayo

Iafoni zangu za kwanza za maana, zile za kuweka masikioni, zilikuwa zimekufa upande mmoja. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hutaelewa ilikuwaje nikabishana na watu miezi mingi kuhusu Deep Purple, bendi ya rok ya Uingereza, wakati nusu ya bendi sijawahi kuisikia.

Ilikuwa hivi. Kuna mshkaji tulikuwa tumepanga nae nyumba moja, fundi kompyuta, kwake kuna miziki ya kila aina, akanijazia flashi. Humo ndani folda moja imeandikwa Made in Japan, albamu yao ya laivu. Nyimbo 7 tu. Nikajua imekatikia njiani wakati wa kukopi, sa albamu gani ya nyimbo 7, mpaka nilipoangalia dakika nikaona wa pili unazidi 12 na wa mwisho unakaribia 20, nikasema hawa wazungu wana wazimu, nikaubonyeza hivyohivyo nikapanda daladala. Na kwa vile ilikuwa inasikika sikio moja, mimi nasikia kinanda kinaunguruma, drams, mtu anapiga mayowe, na gitaa kwa mbaaali kama liko nyumba ya jirani. Basi nikawa naenda kutangaza kwa watu kwamba Deep Purple ni bendi ya kinanda. Na nilikuwa sikubali kushindwa.

Siku nimeisikia kwenye spika mbili, chumbani kwa yule yule mshkaji, nilinyamaza kabisa. Jon Lord na kinanda chake cha Hammond kawekwa upande mmoja, Ritchie Blackmore na gitaa upande wa pili, wanarushiana maneno albamu nzima, huyu akimaliza yule anadaka, yule akizidisha huyu anamkata. Kumbe muda wote ule nilikuwa kama mtu anayemsikiliza abiria wa siti ya mbele anaongea na simu. Majibu nayasikia, maswali sina.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa albamu hii kiasi ambacho nyumbani wamenichoka. Na msimamo wangu ni huu, usinipige mawe: hakuna albamu ya laivu ya rok iliyoizidi, na sababu kubwa ni kwamba waliorekodi hawakuipa uzito wowote.

Mwaka 1972 Deep Purple ndo wako kwenye moto wenyewe. Ian Gillan anaimba, Blackmore gitaa, Lord kinanda, Roger Glover besi, Ian Paice drams. Albamu yao ya studio, Machine Head, imetoka Machi. Agosti wanaenda Japani kwa mara ya kwanza, na kampuni ya santuri ya kule inawaomba wakubali kurekodiwa laivu, kwa ajili ya soko la Japani tu. Wenyewe hawakuwa na hamu hata kidogo, walikuwa wanaona vurugu za jukwaani haziwezi kuingia kwenye santuri zikabaki vurugu. Wakakubali kwa masharti: fundi mitambo awe Martin Birch, mtu wao waliyemzoea studio, na wao ndo wa mwisho kusema itoke au isitoke. Mashine ya kurekodia ya traki 8. Bajeti inatajwa kuwa dola 3,000 hivi, hela ambayo hata kwa wakati ule ilikuwa mboga tu. Wakapiga tarehe 15 na 16 Osaka, Festival Hall, na tarehe 17 Tokyo, Budokan. Basi. Siku tatu, wakapanda ndege.

Hata kwenye kuchanganya sauti, kati ya watano walitokea wawili, Glover na Paice. Wengine walikuwa na mambo yao, na inasemekana wapo ambao miaka na miaka hawakuwahi hata kukaa chini kuisikiliza ikiwa imekamilika! Gillan ndo kabisa, yeye aliponda uimbaji wake mwenyewe. Hebu fikiria unaimba vile halafu unaona umeharibu.

Sasa kwa nini nasema kutojali ndo siri? Kwa sababu mtu akijua hii inarekodiwa na dunia nzima itasikia, anakuwa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Anakaza shingo. Hawa hawakukaza shingo, kwao ilikuwa kazi ya kawaida ya usiku, mikanda inazunguka huko nyuma wao hawana habari. Na hakuna kilichoongezwa baadaye studio, ulichosikia ndo kilichopigwa. Linganisha na laivu nyingine kubwa za miaka ile, mfano Alive! ya bendi ya Marekani Kiss ya 1975, naipenda sana tu, ila baadaye ilikuja kukubalika kwamba vipande vilirudiwa studio. Ni tamu. Ila ni keki iliyopakwa krimu mara mbili, na ulimi unajua.

Wazee wetu hili wanalielewa kuliko sisi. Bendi za dansi zilipokuwa zinarekodi Radio Tanzania pale Pugu Road zilikuwa zinaingia nzima, solo, ridhimu, besi, drams, tumba, wapulizaji, waimbaji, wote mnapiga kwa mpigo mmoja na mmoja akiteleza mnaanza upya, kwa hiyo hata kilichoitwa cha studio kilikuwa laivu tu isiyokuwa na watu wa kushangilia. Nadhani ndo maana sikio langu lilipokea Made in Japan haraka hivyo. Mtu aliyekulia kwa Sikinde na Msondo kwenye redio ya mzee hatishiki na wimbo mrefu, anajua kuna sehemu ya kuimba mkaelewana halafu kuna chemko, na chemko ndo watu walichokifuata ukumbini. Deep Purple wana chemko. Hawaiiti hivyo lakini ipo. (Na ndiyo, najua ukitaja rok hapa kwetu watu wanataka uongelee Freddie Mercury kwa vile kazaliwa Mji Mkongwe. Siku nyingine.)

Inaanza Highway Star. Paice anagonga taratibu, Lord anapandisha kinanda kidogo kidogo kama mtu anawasha gari la asubuhi la baridi, halafu ghafla wote wameshaondoka wewe umebaki stendi. Wimbo wenyewe ulizaliwa ndani ya basi mwaka 1971, wako njiani kwenda Portsmouth, mwandishi wa habari kawauliza nyimbo mnazitungaje, Blackmore akachukua gitaa akaanza kucharaza hapohapo. Ukiusikia ule wa studio ni msafi, una heshima zake. Huu wa Osaka hauna breki.

Halafu Child in Time. Huu ndo ulioniletea kesi nyumbani. Unaanza kwa upole, kinanda kinabembeleza, Gillan anaimba chinichini, mama watoto akasema leo angalau umeweka kitu cha binadamu. Nikanyamaza maana najua kinachokuja. Dakika chache mbele Gillan anaanza kupanda, anapanda, anapanda, mpaka anafika pale ambapo si kuimba tena ni mtu anaita msaada, na mama watoto akatoka jikoni mwiko mkononi, "Baba Nuru, huyo mtu kafanywa nini?" Sikuwa na jibu. Huyu Gillan ndo aliyeimba sauti ya Yesu kwenye albamu ya Jesus Christ Superstar ya 1970, na ukisikia Child in Time unaelewa kwa nini walimtafuta yeye.

Smoke on the Water kila mtu anaijua, hata asiyejua kwamba anaijua. Desemba 4, 1971, Montreux, Uswisi, Deep Purple wameenda kurekodi kwenye kasino, usiku huo mwanamuziki Mmarekani Frank Zappa anapiga humo, mtu mmoja kwenye watazamaji akafyatua fataki ikaingia darini, kasino ikaungua yote. Moshi ukatanda juu ya ziwa. Wakaishia kurekodi kwenye hoteli iliyokuwa tupu, wakitumia gari la mitambo la Rolling Stones, na mkasa wenyewe wakaugeuza wimbo. Sasa sikia hii: inasimuliwa kwamba kati ya zile siku tatu za Japani, siku ambayo Blackmore aliupiga mwanzo wake sawasawa ilikuwa moja tu, ile ya kwanza, ndo maana kipande cha tarehe 15 kikaingia kwenye albamu ijapokuwa usiku huo kwa ujumla ulikuwa dhaifu kuliko mingine. Yaani mwanzo ambao kila mtoto anayeshika gitaa dunia nzima anaanza nao, mwenye nao kashindwa mara mbili kati ya tatu! Mimi hiyo inanifurahisha kuliko solo lolote. Au alikuwa anawachezea tu, Blackmore nae ana visa vyake.

Strange Kind of Woman ina ule mchezo wa Gillan na Blackmore, gitaa linasema kitu, Gillan analiiga kwa koo, linapanda, nae anapanda, kama watani wa jadi wameketi baraza moja, na mwisho Gillan anaachia yowe refu ambalo gitaa lenyewe linakaa pembeni. Halafu kabla ya The Mule anawaambia mafundi mitambo wapandishe kila kitu kiwe juu kuliko kila kitu kingine. Watu walicheka ila hawa jamaa walikuwa wanamaanisha, mwaka huohuo 1972 walipimwa desibeli 117 ukumbi wa Rainbow kule London, kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kikawaandika kuwa bendi yenye kelele kuliko zote. The Mule yenyewe ni uwanja wa Paice na drams, mpigaji wa mkono wa kushoto. Solo za drams mimi huwa nazivumilia tu, hii naisikiliza mpaka mwisho, sina zaidi la kusema.

Nisiwe mnafiki, Space Truckin' ni ndefu mno. Studio ni dakika nne na kitu, hapa imevutwa mpaka karibu 20, na ndani yake kuna dakika kama tano ambazo nina hakika hata wao walikuwa hawajui wanaelekea wapi. Lord anachomeka hadi vipande vya muziki wa klasiki wa mtunzi Mwingereza Holst. Kama unapika, ndo muda wa kwenda kuangalia wali. Lakini siwezi kuukata, nimejaribu, nikikata naona kama nimemtoa mgeni nje kabla hajamaliza hadithi yake.

Huko Japani iliitwa Live in Japan. Waingereza wakaipata Desemba 1972, Wamarekani wakasubiri mpaka 1973 na kule ikafika namba 6 kwenye chati. Ile ya soko la Japani tu! Na wakati dunia inaishangilia, bendi yenyewe ilikuwa inavunjika, Gillan na Blackmore hawasalimiani vizuri, mwaka huohuo 1973 Gillan na Glover wakaondoka, na shoo yao ya mwisho na kikosi kile ilikuwa Juni 29, wapi? Osaka. Hata mwaka haujafika.

Mshkaji wa flashi hakubaliani na mimi mpaka leo. Yeye ni mtu wa Machine Head ya studio, anasema laivu ni kelele za mashabiki na makosa, anataka asikie wimbo kama ulivyotungwa. Namwelewa. Ila namuuliza, wewe chapati unaipenda iliyokatwa duara kwa sahani au ile ya mama? Ananuna. Kuna toleo lililotoka baadaye lenye siku zote tatu karibu zote, nikamletea, tukakaa tukalinganisha usiku mmoja baada ya mwingine, yeye anahesabu makosa kwenye karatasi, mimi natafuta ni wapi Lord kachepuka kwa njia tofauti na ya jana yake. Tulimaliza saa nane usiku na kila mtu kabaki na lake.

Hiyo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, Lord. Hammond yake alikuwa anaichomeka kwenye amplifaya za Marshall, zile za magitaa, ndo maana inakwaruza vile, haisikiki kama kinanda cha kanisani. Lazy, waliyoirekodi Tokyo, inaanza na yeye peke yake, anaikoromesha mashine kama inataka kumng'ata, anaituliza, anaichokoza tena, wenzake wamesimama tu wanamsubiri. Alifariki Julai 2012.

Siku hizi nina iafoni nzima, pande zote mbili zinafanya kazi. Ila Lazy ikianza huwa nautoa ule upande wa gitaa, nabaki na sikio moja kama zamani. Blackmore anisamehe, zikipita dakika kadhaa namrudisha.