Makaburi ya Mwitongo na Makaburi Yaliyobaki Mahameni

Wageni wengi wanaofika Mwitongo, kijijini Butiama, huja kuliona kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa hapo siku tisa baadaye. Huinamisha vichwa, hupiga picha, kisha hurudi kwenye magari yao. Ni wachache wanaotulia mbele ya makaburi mawili yaliyo jirani, la baba yake, Mtemi Nyerere Burito, na la mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe. Kwa maoni yangu, anayetaka kuifahamu historia ya mahali pale angeanza na hayo mawili, kwa sababu Mwitongo palikuwa makaburi ya ukoo kabla taifa halijapata sababu ya kupatazama.

Burito alipewa jina la Nyerere, ambalo kwa Kizanaki ni viwavijeshi, kwa kuwa alizaliwa katika msimu ambao wadudu hao waliishambulia nchi. Wazanaki wa zamani hawakuwa na watemi. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa rika, na wenye uwezo wa kuleta mvua waliheshimiwa kuliko wote. Utemi ulikuja na utawala wa Wajerumani, na Burito akaushika kuanzia 1915 hadi alipofariki 1942, akiwa ameoa wake 22. Mgaya alikuwa wa tano. Alipozikwa mzee huyo, mwanawe Kambarage, ndiye Mwalimu, alikuwa kijana wa karibu miaka 20 ambaye hajaanza hata masomo ya Makerere, na hakuna aliyejua kwamba miaka 57 baadaye viongozi wa nchi nyingi wangefuatilia mazishi mengine kwenye udongo uleule. Utemi wenyewe ulifutwa 1963 na serikali iliyoongozwa na mtoto wa mtemi, lakini makaburi hayakuguswa. Cheo kilikwenda na ukoo ukabaki, na jambo hilo hunifikirisha kila ninapoisoma habari ya familia ile.

Jina Mwitongo lina uzito wake pia. Maana yake ni mahali palipokuwa makazi ya wazee, yaani mahame. Kwa hiyo kaburi linalotembelewa na wageni wengi hivyo lipo mahameni. Kilichoyatofautisha mahame yale na mengine ni kwamba ukoo haukutengana nayo: watoto waliendelea kujenga karibu, wajukuu wakacheza kati ya yale majabali makubwa, na aliyeulizwa nani amelala wapi aliweza kunyoosha kidole bila kusita.

Mahame ya wengine hayakupata bahati hiyo. Novemba 1973 Mwalimu, akiwa Rais, alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia kijijini. Mamilioni walihama, wengine kwa hiari, wengine kwa malori na nyumba zao zikiwa zimebomolewa nyuma yao. Nayaandika haya kwa heshima yote niliyonayo kwa Mwalimu, ambaye nia yake ilikuwa shule, zahanati na maji kwa watu walioishi mbalimbali, na wengi walivipata. Lakini katika hesabu za uhamisho ule sijawahi kuona safu ya makaburi. Watu walibeba milango, vitanda na mbuzi. Wafu hawakubebeka.

Ukoo wetu ulihama 1974. Mwaka juzi baba mkubwa, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alinipeleka mahali ulipokuwa mji wa babu. Nyumba haikuwapo, mstari wa minyaa ndio ulionyesha zizi lilipokuwa. Makaburi yalikuwa marundo ya mawe yaliyozama, na juu ya mojawapo kulikuwa na nusu ya jiwe la kusagia, limelika katikati mpaka kiganja changu kikatulia ndani ya shimo lake kana kwamba lilichongwa kwa ajili yangu. "Hilo ni la bibi yako mkuu," baba mkubwa aliniambia, "walilivunja siku ya mazishi ili mwingine asilitumie." Nilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kugusa kitu kilichoguswa na mama huyo kila siku ya maisha yake.

Hatua thelathini kutoka hapo trekta lilikuwa limekwisha kulima. Shamba liliuzwa kihalali, mbele ya mashahidi, na mnunuzi alituambia kwa upole kwamba hakuna aliyemweleza kuwa kuna makaburi. Naamini alisema kweli. Waliokuwa na wajibu wa kumweleza ni sisi, na sisi hatukuwa tumeandika chochote popote.

Sheria haikuyasahau makaburi kabisa. Ile ya mwaka 1969 inayohusu kuhamisha makaburi inaeleza namna ya kufanya ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma, na katika fidia inataja gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na hata za matambiko. Namheshimu aliyeliingiza neno hilo la matambiko, kwa maana alijua kwamba kaburi halihamishwi kama nguzo ya umeme. Lakini sheria hiyo inamsaidia mwenye kaburi linalojulikana. Rundo la mawe lililofunikwa na majani, ambalo wanaolikumbuka ni wazee wawili tu, haliwezi kudai lolote.

Ndiyo maana naona kazi hii ni yetu kabla ya kuwa ya serikali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, imeleta hatimiliki za kimila, na vijiji vingi sasa vinapanga matumizi ya ardhi yao: hapa malisho, hapa msitu, hapa mashamba. Wakati wa kupanga ndio wakati wa ukoo kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kusema hapa tumezika, na kutaka eneo hilo lichorwe kwenye ramani hata kama ni robo eka, hata kama sasa linalimwa na mtu mwingine. Kumwomba jirani mpya aache kipande kidogo ni rahisi zaidi kuliko kumshitaki baada ya jembe kupita. Wapo wanaosema fedha za kujengea kaburi ni bora zisomeshe mtoto, nami nakubaliana nao. Sizungumzii marumaru. Nazungumzia daftari, kalamu, na mzee ambaye bado ana kumbukumbu.

Baba mkubwa alinitajia makaburi 11 siku ile. Tisa aliyajua kwa majina, pamoja na nani alikuwa mtoto wa nani na alioa au kuolewa wapi. La kumi ni la mtoto mchanga aliyefariki kabla ya kupewa jina, tukaliandika hivyo hivyo. Mbele ya la mwisho alisimama kwa muda mrefu, akalizunguka, akaligonga kwa fimbo, kisha akasema shangazi yake ndiye aliyekuwa analijua. Shangazi huyo tulimzika kijijini mwaka mmoja kabla ya safari yetu.