Kitufe cha data kilichopotea: soma kabla hujaipandisha simu yako toleo

Android 12, toleo la mfumo wa simu wa Google, ilipotoka Oktoba 2021, watu wengi walizungumzia rangi mpya, saa kubwa kwenye kioo na vitufe vya mviringo. Kwa mtumiaji wa bando, jambo zito lilikuwa jingine kabisa: kitufe cha kuwasha na kuzima data kiliondolewa kwenye paneli ya juu. Kile cha Wi-Fi nacho kikaondolewa. Mahali pao pakawekwa kitufe kimoja kipana kilichoandikwa "Intaneti". Android 13, 14 na 15 zikaendelea na mtindo huo huo.

Kwenye Android 11 kazi ilikuwa rahisi. Unateremsha paneli kwa kidole gumba, unagusa alama ya data, imezima. Kwenye Android 12 unateremsha paneli, unagusa "Intaneti", unasubiri kidirisha kifunguke, unatafuta swichi iliyo mbele ya jina la laini yako, unaizima, halafu unafunga kidirisha. Kwenye simu yenye RAM ya GB 2, kidirisha hicho kinachukua muda kufunguka, na huku kinatafuta Wi-Fi zilizo karibu hata kama huna haja nazo. Mara ya kwanza kuzima data, simu inakuuliza pia kama una uhakika.

Naamini Google ilikosea, na nitasema ni kwa nini. Sababu waliyoitoa wenyewe ni kwamba walibaini baadhi ya watumiaji wakizima Wi-Fi inapokuwa dhaifu ili watumie data ya simu, kisha wanasahau kuiwasha tena, na matokeo yake data ya simu inatumika bila wao kujua. Kwa hiyo wakaunganisha vitufe ili mtu ahame mtandao bila kuuzima mwingine. Kwa mtu mwenye Wi-Fi nyumbani, Wi-Fi kazini, na data ya simu kama akiba ya njiani, hoja hiyo inaeleweka.

Huku kwetu mambo yamegeuka. Kwa watu wengi wa Dodoma, Singida na vijiji vya kati, data ya simu ndiyo intaneti yenyewe, na inanunuliwa kwa vipande: bando la siku, la wiki, la usiku. Hata inayoitwa Wi-Fi, mara nyingi ni hotispoti ya jirani au karauta kadogo kenye laini ndani, na nako kanakula bando la mtu. Kitufe cha data kwenye paneli ni mdomo wa pochi. Mwenye nayo anataka kuifunga palepale, kwa mkono mmoja, bila kuitazama.

Mfikirie dalali wa mahindi pale Kibaigwa. Simu ina laini mbili, moja ya kupigia na kupokea fedha, nyingine ya bando. Anawasha data, anatuma picha ya mzigo kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, anapokea jibu, anazima. Dakika kumi baadaye anarudia. Siku nzima ya soko ni hivyo, washa, zima, huku mkono wa pili umeshika daftari au bambo la kuonjea nafaka. Ukimwongezea migusa miwili kila upande, ataacha kuzima. Akiacha kuzima, programu zinaendelea kuvuta chinichini, na bando likiisha huku laini ina salio la kupigia, inawezekana salio hilo nalo likaliwa.

Kuna matumizi mengine ambayo nadhani hayakuwafikia kabisa waliobuni mabadiliko haya. Ukisafiri kati ya Dodoma na Kondoa, au kwenda Manyoni, kuna vipande ambavyo mtandao unashuka au unakatika. Ukirudi penye minara, mara nyingine alama ya mtandao inaonekana lakini hakuna kinachofunguka. Dawa ya haraka ambayo kila mtu anaijua ni kuzima data na kuiwasha tena. Ndani ya basi linaloyumba, mguso mmoja ni kitu kimoja, na kidirisha chenye orodha inayopanda na kushuka ni kitu kingine.

Wengine watasema: basi pakua programu ya kuleta kitufe. Haiwezekani kirahisi hivyo. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, programu ya kawaida haina ruhusa ya kuwasha wala kuzima data ya simu. Ruhusa hiyo imebaki kwa mfumo wenyewe. Kwa Wi-Fi, mlango ulifungwa kwa programu mpya kuanzia Android 10. Sababu za kiusalama zipo na nazikubali: hutaki mchezo wa mtoto ukuwashie data usiku wa manane. Lakini mwenye mfumo akishajiwekea ruhusa hiyo peke yake, anabeba na wajibu wa kukiacha kitufe mahali panapofikika. Angalau kingebaki kama chaguo kwenye orodha ya vitufe vya kuongeza, anayekitaka akiburute mwenyewe. (Kwenye iPhone, kitufe cha data kwenye paneli kinazima data kwa mguso mmoja. Cha Wi-Fi ndicho chenye utata: tangu iOS 11 kinakutoa kwenye mtandao tu, Wi-Fi yenyewe haizimi.)

Si simu zote zilizoathirika, na hapa ndipo mtu anaweza kujiokoa mapema. Zilizoguswa ni zile zinazotumia Android karibu kama ilivyotoka Google: Pixel, Nokia, na Motorola. Samsung, pamoja na kupanda Android 12 na kuendelea, ilibaki na vitufe vyake viwili tofauti. Redmi nyingi nazo zina paneli yao yenye kitufe cha data. Tecno, Infinix na itel zina sura zao juu ya Android, na mpangilio unatofautiana kati ya modeli na modeli, kwa hiyo usiamini neno la muuzaji. Omba simu ya maonyesho yenye toleo unalotaka kupandia, teremsha paneli, hesabu migusa. Anayenunua Pixel iliyokwishatumika afanye hivyo hivyo kabla ya kutoa fedha, kwa sababu simu hizo zinapendwa kwa kamera na watu wanasahau kuangalia kingine.

Kama simu yako ni ya kundi lililoguswa na bado iko toleo la zamani, usikimbilie kupandisha, wala usikatae moja kwa moja. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, angalia tarehe ya sasisho la usalama. Masasisho ya usalama na kupanda toleo ni vitu viwili. Ikiwa tarehe ni ya miezi ya karibuni, maana yake toleo lako bado linahudumiwa. Subiri kwa amani. Ikiwa imeganda mwaka uliopita au zaidi, na sasisho pekee linalotolewa ni la toleo jipya, mimi ningepandisha. Simu inayobeba fedha za mtandao na programu za benki haifai kukaa na matundu yanayojulikana kwa sababu ya kitufe, hata kitufe kizuri kama hiki. Faili la kupandia toleo huwa kubwa, mara nyingi linapita GB 1, kwa hiyo tafuta Wi-Fi isiyopimwa, betri iwe zaidi ya nusu, na picha na mazungumzo ya WhatsApp yawe yamehifadhiwa pembeni.

Ukishapanda, cha kwanza ni kukiweka kitufe cha "Intaneti" mbele. Teremsha paneli mara mbili, gusa alama ya kalamu, kishike kitufe hicho ukiburute kiwe cha kwanza. Kwenye Android 12 ni vitufe vinne tu vinavyoonekana ukiteremsha mara moja, na ukikiacha nyuma utaongeza hatua nyingine juu ya zile ulizoongezewa.

Cha pili, ongeza kitufe cha Kiokoa Data palepale. Hiki kimekuwepo tangu Android 7 na bado kinafanya kazi kwa mguso mmoja. Kikiwashwa, programu zisizo mbele yako zinazuiwa kutumia data ya simu. Ile uliyoifungua inaendelea. Kwa hiyo hakifungi data yote, ila kinaziba uvujaji mkubwa. Hasara yake ni kwamba ujumbe wa WhatsApp unaweza kuchelewa mpaka uifungue. Kama huwezi kuishi hivyo, ingia kwenye mipangilio ya Kiokoa Data, tafuta orodha ya programu zenye ruhusa ya data bila kizuizi, washa WhatsApp peke yake. Usiweke na mitandao ya video hapo, maana utakuwa umefungua tena tundu lile lile.

Hali ya ndegeni siishauri kama mbadala. Ni mguso mmoja, kweli, lakini inakata simu, SMS na menyu za nyota na reli, na mteja aliyekutumia fedha atakuta hupatikani.

Halafu kuna kikomo cha data: Mipangilio, Mtandao na intaneti, chagua laini, kisha Onyo na kikomo cha data. Ukiweka kikomo, simu inakata data yenyewe ikifika hapo. Weka chini kidogo ya bando, tuseme MB 900 kwa bando la GB 1, kwa sababu hesabu ya simu na hesabu ya kampuni hazilingani sawasawa. Tatizo ni kwamba kikomo kinahesabu mzunguko wa mwezi mzima. Ukimaliza MB 900 leo na kesho ukanunua bando jingine, simu inaendelea kukata, na itabidi upandishe kikomo kwa mkono kila unaponunua. Kwa mwenye bando la mwezi ni msaada mkubwa. Kwa wa bando la siku ni usumbufu.

Anayetaka kitufe chake kirudi kama kilivyokuwa, njia ipo bila kuroot simu (kufungua kinga zake ili kupata mamlaka yote ya mfumo), ila ina kazi. Zinahitajika programu mbili: Shizuku, inayopatikana Play Store, na Better Internet Tiles, inayopatikana GitHub, tovuti ambako watengeneza programu huweka kazi zao. Ya kwanza inaazima ruhusa za kiwango cha mfumo kupitia njia ya wasanidi, yaani watengeneza programu. Ya pili inaitumia ruhusa hiyo kuweka kitufe cha data na cha Wi-Fi, kila kimoja peke yake.

Anza kwa kufungua Kuhusu simu na kugusa nambari ya muundo mara 7 mpaka simu iseme wewe ni msanidi. Rudi Mipangilio, kwenye Mfumo utakuta Chaguo za wasanidi programu. Ndani yake washa utatuzi usiotumia waya. Hapa wengi wanakwama: simu inakataa mpaka iwe imeunganishwa na Wi-Fi. Huna Wi-Fi? Mwombe mtu wa karibu awashe hotispoti. Hata kama hana bando inatosha, kwa sababu kinachohitajika ni kuunganishwa tu. Mazungumzo yote yanafanyika ndani ya simu yako na hakuna kinachotoka kwenda intaneti.

Fungua Shizuku, chagua kuoanisha (kuiunganisha na utatuzi huo), itakuwekea arifa. Rudi kwenye utatuzi usiotumia waya, chagua kuoanisha kwa msimbo, zitatokea tarakimu 6. Usikifunge kidirisha hicho, maana ukikifunga msimbo unakufa. Teremsha arifa ya Shizuku na uziandike humo humo. Ikikubali, rudi Shizuku ugonge kuanza. Fungua Better Internet Tiles, iruhusu itumie Shizuku, kisha nenda kwenye kalamu ya paneli, buruta kitufe kipya cha data mbele.

Kuna mambo mawili ya kujua. Simu ikizimwa na kuwashwa upya, Shizuku inakuwa imesimama, na kwa kawaida itabidi uianzishe upya ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi, ila kuoanisha hakurudiwi. Mahali umeme unapokatika na simu inakwisha chaji mara kwa mara, hili litakuchosha. La pili, baadhi ya programu za benki zinagoma kufunguka zikikuta Chaguo za wasanidi zimewashwa, na ukizizima, Shizuku nayo inazimika. Mwenye programu ya namna hiyo abaki na Kiokoa Data.

Limebaki swali ambalo mafundi simu wanaulizwa sana: si unirudishie toleo la zamani? Kwa baadhi ya simu inawezekana kwa kuflashi, yaani kupakia upya mfumo wote wa simu, na kunafuta kila kitu kilichomo. Kwa nyingine mlango umefungwa. Pixel 6, 6 Pro na 6a, kwa mfano, zikishapokea Android 13 ya Agosti 2022 hazirudi 12, kwa sababu Google iliongeza kinga ya kutorudi nyuma kwenye programu inayoiwasha simu. Samsung nazo zina namba ya kinga kwenye faili la mfumo. Ikishapanda, faili lenye namba ndogo linakataliwa. Kwenye baadhi ya Redmi, kulazimisha faili la nyuma ya kinga hiyo kunaweza kuiua simu isiwake tena. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi fundi, mwambie akuonyeshe faili atakalotumia na akuhakikishie kwamba modeli yako inaruhusu kurudi. Hakikisha pia unaikumbuka barua pepe na nenosiri la akaunti ya Google iliyomo, kwa sababu simu ikishafutwa inaweza kuidai kabla ya kukuruhusu kuingia.