Kujitolea si kufanya kazi bure

“Nimejitoa” na “nimejitolea” zinatofautiana kwa herufi mbili tu, lakini wa kwanza ameshaondoka na wa pili ndiyo kwanza anaingia. Kanisani ni tofauti kidogo: aliyejitoa kwa Mungu hajaacha kitu, amejikabidhi mzima. Kujitolea ni kutoa kwa ajili ya wengine, na kinachotolewa ni nafsi yako. Kujituma ni jambo jingine: umefagia darasa bila kuagizwa. Mwenye mshahara mnono anaweza kujituma kila siku, na bado hajajitolea.

Maneno haya yanatuletea shida tukifika Ujerumani. Huku kujitolea huitwa “Ehrenamt”, yaani wadhifa wa heshima. Zimamoto wa vijijini karibu wote wako hivyo: mchana ni fundi bomba, king'ora kikilia anaacha spana na kukimbia, na mshahara wake haukatwi kwa saa alizokuwa kwenye moto. Jioni anarudi kwake. Ana kazi inayomlisha, na kujitolea kumekaa pembeni yake.

Nyumbani tunamwita “mwalimu wa kujitolea” kijana mwenye cheti, anayeshika vipindi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, anayesahihisha madaftari usiku, na posho yake inategemea michango ya wazazi. Yule anajituma, tena sana. Lakini hakujitolea, amekosa ajira. Neno zuri limetumika kufunika pengo, na naona ni dhuluma kwa kijana na kwa lugha pia.

Vijana wengi wetu huja huku kwa utumishi wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani ulioanza mwaka 2011, “Bundesfreiwilligendienst”. Kwa kawaida ni miezi 12, yenye siku 25 za semina, pesa ya mfukoni na bima, na mwisho cheti. Sheria inataka anayejitolea asichukue nafasi ya mfanyakazi wa kulipwa. Sharti hilo moja ndilo ningelichukua kwanza kulipeleka nyumbani.

Makosa huanzia kwenye barua ya maombi. Ukiandika “Ehrenamt” kwa miaka miwili ya kufundisha, msomaji wa Kijerumani anafikiria saa chache za jioni, na uzoefu wako unapotea. Andika kazi yenyewe: somo, madarasa, idadi ya wanafunzi, saa kwa wiki, na posho kama ilikuwepo. “Ehrenamt” iachie kwaya, timu ya mtaani au kuchangisha madawati.

Sisi wenyewe tunajua kuweka mipaka kwenye kutoa. Kule mwambao, nyumba au kisima kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi. Mapato yanakwenda pale alipotaja mtoaji, na yupo msimamizi. Ndiyo maana hata askofu huwekwa wakfu: ametengwa kwa jambo linalojulikana. Kwa nini basi nguvu za kijana zitolewe bila hata karatasi?

Karatasi yenyewe haizidi ukurasa mmoja. Anamtumikia nani, saa ngapi kwa wiki, nani anatoa nauli na bima, nani ataandika barua ya uthibitisho, na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikifika na shule bado inamhitaji, imwajiri.