Oksijeni imefika wodini, nani ataisimamia?

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na Uviko-19, na sehemu yake ikaingia kwenye mitambo ya kuzalisha oksijeni. Hospitali zilizokuwa zikisubiri mitungi ije na gari zikaanza kujitengenezea. Swali lililobaki ni la watu: hospitali ya wilaya iajiri mtaalamu wa tiba ya upumuaji, au kazi ibaki kwa wauguzi waliopo?

Wanaotaka kada mpya wana hoja nzito. Oksijeni ni dawa, na dawa ina dozi. Mtoto njiti akizidishiwa, macho yanaweza kuharibika hadi upofu. Mzee ambaye mapafu yake yamechakazwa na moshi wa miaka mingi hulengwa oksijeni ya damu yake ibaki kati ya asilimia 88 na 92. Ukimng'ang'aniza afike 100, kabonidayoksaidi inaweza kumjaa mwilini. Hata kipimo cha kidoleni hudanganyika: kucha zenye piko au mkono wa baridi vinaweza kushusha namba wakati mgonjwa hana neno. Marekani kazi hii ilianza kujitenga kama fani miaka ya 1940, na leo ina shule na leseni zake.

Lakini mtaalamu mmoja hawezi kuwa zamu usiku na mchana, siku saba. Saa tisa usiku mtoto wa nimonia akianza kubonyea mbavu, anayemwona ni muuguzi aliyeachiwa wodi nzima. Ni yeye atakayeweka mipira puani, afungue lita moja, aangalie povu kwenye chupa ya maji. Tena mengine hayadai shahada: watafiti wa Afrika Kusini walishaonyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri kitakoni, inamfikishia mtoto wa pumu dawa ya inhela sawa na kifaa cha dukani.

Mimi naegemea upande wa muuguzi, ila kwa sharti moja: asihamishwe hamishwe. Tunamfundisha sipapu ya watoto wachanga (mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yasisinyae), mikono ikishazoea anapangiwa wodi ya upasuaji. Sipapu inafunikwa shuka, na mwakani semina inaitishwa upya (posho nazo upya). Kada mpya ikiingia kwenye mpangilio huohuo wa zamu, nayo itapotelea humo. Wataalamu hao waanze hospitali za rufaa za mikoa, kwenye mashine za kupumulia wagonjwa mahututi.

Wilayani ningemwajiri kwanza fundi wa vifaa tiba. Fungua kifuniko cha nyuma cha konsentreta, mashine ndogo inayochuja oksijeni kutoka hewani, iliyokaa mwaka bila kuguswa, utakuta chujio limegeuka blanketi la vumbi. Taa inawaka, mashine inanguruma, chupa inatoa povu kama kawaida. Kinachotakiwa kutoka ni oksijeni ya asilimia 90 hivi. Mashine ikichoka, inaweza kuteremka taratibu kuelekea asilimia 21 ya hewa tunayovuta bure, na asiyepima hajui. Muuguzi atapandisha lita, mtoto hapati nafuu, itaandikwa nimonia kali. Na chujio lile linaoshwa kwa maji na sabuni, kisha linaachwa likauke.