Hati za mailo kwenye Bitcoin?
Mwandishi wa makala moja anataka hati za ardhi za mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi hapa Uganda) ziandikwe nzima nzima kwenye blokucheni ya Bitcoin, yaani daftari lake la kidijitali linalonakiliwa kwenye kompyuta nyingi, ili matapeli wasizichezee. Kuandika kunawezekana: Satoshi mwenyewe, muundaji wa Bitcoin, alipachika kichwa cha habari cha gazeti la The Times kwenye bloku ya kwanza ya daftari hilo, Januari 2009, na tangu 2023 watu wanajaza humo hata vikatuni kupitia Ordinals, mfumo wa kupachika picha na maandishi kwenye Bitcoin. Lakini kilichoingia hakitoki. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inakuruhusu kuomba taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe; kwenye Bitcoin, isiyo na msimamizi, utamwomba nani? Afadhali iwekwe hashi tu (alama fupi ya kidijitali ya hati, inayobadilika hati ikichezewa), baiti 32, hati ibaki masjala. Na karani akighushi kabla ya kuingiza, je? Hapo mwandishi kapita kimya.