Mkaguzi Aje Kabla ya Zege

Mwafrika Mashariki aliyenunua nyumba Minnesota, Marekani, hachukui muda mrefu kabla ya kutamani baraza la mbao upande wa nyuma, lile lisilo na paa, lililoinuliwa juu ya nguzo, ambako nyama huchomwa na wageni huketi jioni za kiangazi. Hachukui muda mrefu pia kuambiwa na mwenzake kwamba kibali cha ujenzi ni njia tu ya mji kuchuma fedha za watu, na kwamba yupo fundi anayeweza kuimaliza kazi yote kati ya Ijumaa jioni na Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa. Ninaielewa asili ya ushauri huo. Wengi wetu tumetoka katika miji ambako mwenye nyumba hukutana na mamlaka siku anapoikuta alama ya X nyekundu ukutani mwake, na ambako faili haliendi mpaka lisukumwe. Hata hivyo ni ushauri mbaya, na sababu yangu kubwa haitokani na faini. Inatokana na mashimo ya nguzo.

Katika eneo la Minneapolis na Saint Paul, kanuni za jimbo zinataka msingi wa nguzo ushuke inchi 42, yaani zaidi kidogo ya mita 1, na kaskazini mwa jimbo inchi 60. Kina hicho hakikubuniwa na karani. Maji yaliyomo udongoni huganda wakati wa baridi, yakiganda hutanuka, na huiinua nguzo yoyote ambayo msingi wake haukupita tabaka linaloganda. Nguzo zikipanda kwa viwango tofauti huku nyumba ikibaki pale pale, baraza huanza kujing'oa ukutani kidogo kidogo, baridi moja baada ya nyingine. Zege likishamiminwa, hakuna awezaye kujua kwa macho kama shimo lilikuwa la inchi 42 au 20, na fundi mwenye haraka anajua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana ukaguzi wa kwanza unaokuja na kibali hufanywa mashimo yakiwa wazi, na kwa maoni yangu ukaguzi huo peke yake unatosha kuhalalisha ada.

Mahali pengine pa hatari ni pale baraza linapoungana na nyumba. Ubao unaofungwa ukutani hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Ukipigiliwa misumari mitupu badala ya kufungwa kwa bolti au skrubu maalumu za kubeba uzito, na pasipowekwa bati la kuelekeza maji nje, mvua hupenya nyuma yake, mbao huoza na misumari huchomoka. Kwa kawaida baraza la namna hiyo haliporomoki siku ambayo mwenyewe ameketi peke yake na kikombe cha chai, bali siku ya sherehe, watu wanapolijaa. Tarehe 29 Juni 2003, katika mtaa wa Lincoln Park mjini Chicago, baraza la mbao liliporomoka wakati wa tafrija, watu 13 wakafa na zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Lilikuwa limejengwa mwaka 1998 bila kibali. Sidai kwamba kibali ni kinga kamili, kwa maana roshani iliyoua watu 6 Berkeley, California, mwezi Juni 2015, ilikuwa ya jengo lililopitia ukaguzi wa mji, na bado mbao zake zilioza kwa ndani.

Sheria yenyewe haina ukali ambao watu huisingizia. Kanuni ya mfano ya nyumba za kuishi, ambayo majimbo mengi huitumia pamoja na marekebisho yao, husamehe kibali kwa baraza lisilozidi futi za mraba 200, lisilozidi inchi 30 kutoka ardhini, lisiloshikamana na nyumba na lisilo kwenye mlango mkuu wa kutokea. Ninachokiona kigumu kukitetea ni upande wa mipango miji, yaani vipimo vya umbali kutoka mpaka wa kiwanja, ambavyo hutofautiana kati ya miji miwili inayopakana na mara nyingine humnyima mtu futi mbili bila faida yoyote kwa jirani yake. Hapo malalamiko yana haki, lakini yapelekwe kwenye vikao vya halmashauri ya mji, yasiwe kisingizio cha kukwepa ukaguzi wa nguzo.

Kuna jambo moja ambalo wenzetu hawaambiwi mapema. Fundi akikwambia, "Mzee, kibali chukua wewe mwenyewe, mimi nitajenga," muulize kwanza kuhusu leseni yake. Minnesota humruhusu mwenye nyumba kuchukua kibali na kujijengea, na hilo ni jema kwa anayejua kushika msumeno. Lakini anayekichukua hutia sahihi kwamba yeye ndiye anayesimama mahali pa mkandarasi, na kwa kufanya hivyo anaweza kupoteza haki ya kudai fidia katika mfuko wa jimbo uliowekwa kwa ajili ya waliodhulumiwa na makandarasi wenye leseni. Fundi huyo anakuwa amekutwika dhamana yake yote, nawe unamlipa.

Michoro isimtishe mtu. Miji mingi hutoa mifano ya bure, na American Wood Council, jumuiya ya wazalishaji wa bidhaa za mbao, ina mwongozo wa wazi unaoonyesha unene wa boriti, umbali wa nguzo na urefu wa ukingo. Wakati mzuri wa kupeleka maombi ni Februari, ardhi ikiwa bado ngumu kama jiwe na foleni ya majira ya kuchipua haijaanza. Kisha, kabla ya kuchimba, piga simu 811 ili nyaya na mabomba ya mashirika ya huduma yaliyopita chini ya ua wako yawekewe alama, huduma ambayo mwenye nyumba hailipii hata senti.