Mpaka mwanga nao unavuja

Jamani mi nimechoka. Bati kuvuja nimezoea, bomba kuvuja nimezoea, mfuko wa suruali ndo usiseme, ila leo nimegundua hata mwanga unavuja, tena unavujia ndani, ndani ya kamera yangu, sehemu pekee kwenye himaya yangu yote niliyotaka iwe giza. Mwanga huohuo ambao luku ikiisha tarehe 20 huupati hata wa kutafutia kandambili!

Nina kamera ya kukunja, Agfa Isolette, kitu cha Mjerumani cha miaka ya 1950, kaniachia marehemu baba mdogo aliyekuwa na studio Magomeni. Unabonyeza kitufe, kimlango kinafunguka, lenzi inachomoka mbele na nyuma yake ile mikunjo myeusi kama kinanda cha kuvuta. Heshima tupu. Jumamosi nikatinga nayo kwenye harusi ya mtoto wa dada, suti, kifua mbele, vijana na simu zao nawaangalia kwa huruma. Mkanda wake wa picha ni ile saizi 120, picha 12 basi, bei kama kilo tatu za nyama na ukiagiza unausubiri hadi unasahau uliagiza nini.

Jana usiku nikausafisha mwenyewe bafuni, wapangaji wanagonga mlango utadhani nazalia humo. Nikazigeuza kwenye simu (ndio, simu ileile niliyoidharau) cheusi kiwe cheupe, nizione. Zote 12 zina doa jeupe! Bibi harusi hana kichwa, ana jua. Aliyetoka vizuri ni mpishi, na hata sikumpiga yeye.

Nikakituhumu kwanza kile kidirisha chekundu cha nyuma cha kusomea namba ya picha. Vidirisha hivyo vilibuniwa enzi mikanda haioni rangi nyekundu, ya siku hizi inaona kila kitu kama jirani yangu wa chumba cha pili. Nikakibandika solotepu nyeusi. Wapi. Basi nikajifunika blanketi, Dar hii, joto hili, nikaichomoa mikunjo yote nikawasha tochi kwa ndani. Kwenye kona za mikunjo nyota kibao, anga la Dodoma! Kumbe hizi Isolette ndo ugonjwa wao, ile mikunjo waliyoweka ikizeeka inapasuka konani.

Dawa yake ipo, gundi nyeupe ya mbao unachanganya na rangi nyeusi, unapaka kiduchu kwa brashi, unaiacha wazi mpaka ikauke. Kiduchu, maana ukijaza haikunjiki tena. Sasa mi mikono inatetemeka, nikasema nimpelekee fundi viatu wa pale Buguruni, si ndo mtu wa gundi na weusi?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kinanda hicho?"

"Kamera, mzee."

Akaishika, akaivuta, akaiweka sikioni. Sikioni! Mama ntilie wa jirani kaacha maandazi kwenye mafuta kaja, bodaboda wawili wamekuja, mmoja ananiambia bosi si ununue simu tu, sikumjibu, mtu wa hadhi yangu hajibizani na kijiwe. Mzee akaielekeza juani akachungulia.

"Hii inataka kushonwa."

"Mzee, sindano si itaongeza matundu?"

"Nitashona kwa ndani."

"Hata kwa ndani ni matundu mzee wangu!"

"Wewe ni fundi?"

"Hapana mzee."

"Haya."

Mama ntilie akashauri iwekwe kiraka cha tyubu ya baiskeli. Bodaboda wa pili akasema kuna jamaa Kariakoo anauza mpya, nikamuuliza anauza nini, akasema hivyohivyo vitu. Mi nikajikaza nikamwelekeza mzee taratibu, gundi nyeupe hii hapa, rangi hii hapa, brashi hii hapa, kiduchu, iache wazi. Akaitikia kwa kichwa vizuri kabisa. Nikageuka sekunde, sekunde moja, kumlipa mama andazi lake maana alishanishikisha mkononi, kurudi namkuta mzee kapaka gundi ya soli, ile ya njano, kwa kidole, kaikunja kamera yote na kaikalia.

Kaikalia!

"Mzee unafanya nini?"

"Nabana. Gundi bila kubana haishiki."

Na kweli imeshika. Wallahi mwanga hauingii tena hata punje, kwa sababu kamera haifunguki. Nikadaiwa elfu tano, elfu tatu ya gundi na elfu mbili ya kubana. Nikalipa! Watu wanaangalia, ungefanyaje? Kwenye daladala konda ananiambia mzee sogea kinanda hicho, nikasogea.

Na dada kashapiga simu mara nne, anko picha anko picha, kila mtu anko siku yenye shida, siku ya michango ya harusi nilikuwa "huyo wa Tabata". Nimwambie nini, kwamba mwanae katoka kama taa ya barabarani? Na kodi ya miezi sita mwenye nyumba anaitaka mwezi huu, na hilo bati nililosema halijapigwa msumari tangu masika, na sa hivi nje huko nasikia wanaulizana nani kachukua ndoo ya bluu toka jana usiku. Ninayo mimi. Ina dawa ya picha. Na inaonekana mtu keshaoshea watoto.

Ngoja nitoke.